Samaki Wapite

Ijumaa hiyo Selipher alitoka bakala, lile duka la chini ya nyumba yao, na kifungu cha mboga mkononi, akaingia bafuni kunawa uso, akakuta samaki watatu kwenye hodhi lake la kuogea. Si dagaa hao, wala si ngege wa kukaanga. Samaki wanene wa rangi ya fedha, kila mmoja urefu wa mkono mzima, wanahema utadhani wamekimbizwa na mbwa. Mumewe Protus alikuwa amepiga magoti kando yao, suruali ameikunja, anamimina maji kutoka kwenye dumu la plastiki.

"Baba Joy," Selipher alisema polepole, kwa ile sauti ambayo mume mwenye akili huiogopa kuliko makelele. "Hayo si maji yetu ya kunywa?"

"Ndiyo hayo. Ya mfereji yana dawa, yatawaua."

"Na sisi tutakunywa nini?"

"Mama Joy, tafadhali, funga mlango wa sebuleni. Baridi inatoka."

Baridi! Ndipo Selipher alipogundua kuwa kiyoyozi, ambacho Protus humkataza kukiwasha mchana kwa sababu ya bili ya stima, kilikuwa kinanguruma kwa nguvu zake zote. Huko nje mtaa wa Sharafiya ulikuwa unaungua. Wenye maduka ya simu walikuwa wamejificha ndani na paka wamelala chini ya magari. Yeye mwenyewe jasho lilikuwa limemlowesha mpaka soksi. Na hapa samaki wameletewa baridi ya mlima Elgon, na vipande vya barafu juu.

Alifunga mlango, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akangoja kuelezwa.

Maelezo yenyewe alikuwa akiyajua nusu. Protus alifanya kazi kwenye shamba la samaki kusini mwa Jeddah, kando ya bahari. Samaki waliofugwa humo waliitwa samoni, na nyumbani kwao ni nchi za theluji. Naam, samaki wa theluji, Jeddah, mahali ambapo hata mjusi hutafuta kivuli. Mwenye shamba, Abu Mishaal, alikuwa tajiri wa Riyadh aliyeambiwa kwamba jambo hilo haliwezekani, na tajiri wa namna hiyo ukimwambia haliwezekani umemchimbia msingi. Alikuwa anafungua ofisi mpya hukohuko Riyadh, mtaa wa Olaya, kwenye jengo refu la vioo, na alitaka samoni watatu waogelee ukumbini siku ya uzinduzi ili wageni wake waone kwa macho. Watatu hao walichaguliwa kwa unene na ung'avu. Na mara tu walipochaguliwa, wakaugua. Ndivyo ilivyo, hata mtoto akishonewa nguo ya sherehe, jioni hupata homa.

"Ni amiba," Protus alieleza. "Mdudu mdogo huwezi kumwona. Anakaa kwenye mashavu, hapa wanapopumulia, mpaka panajaa utando mweupe. Wanazama huku wako majini, Mama Joy. Dawa yake ni kuwaogesha maji yasiyo na chumvi. Samoni anayavumilia, maana alizaliwa mtoni. Mdudu ni wa bahari, hayawezi, anapasuka."

"Na kwa nini usiwaogeshe hukohuko shambani?"

"Bosi amekataa. Anasema samaki wa bahari ukimtia maji matamu umemuua. Amenikataza kabisa, na kamera zote anazitazama kwenye simu yake akiwa Riyadh. Ila saa ya swala ya Ijumaa hatazami."

"Kwa hiyo umeiba samaki wa bosi wakati watu wanaswali."

"Nimewaazima. Nimemwachia Laban wa ghala aelekeze kamera ukutani, aseme zinasafishwa."

Selipher alishika kichwa. Angecheka kama si ile ikama. Ikama ya Protus, kile kibali cha kuishi na kufanya kazi, ilikuwa imekwisha tangu kipindi cha baridi, na wa kuifanya upya alikuwa kafili wake tu, mwajiri aliyemdhamini, yaani huyohuyo Abu Mishaal. Bila ikama benki ilikuwa imemfungia akaunti. Laini ya simu ilikuwa kwa jina la mkewe. Jino lilipomuuma alilitibu kwa karafuu. Wakienda kutuma pesa za mtoto Bungoma, Selipher huingia ndani kupanga foleni na Protus hubaki nje kwenye jua, mtu mzima na ndevu zake, akijifanya anasubiri teksi. Na kila alipouliza, bosi alijibu inshallah, kesho. Mwishowe juzi alipewa jibu kamili: samaki wakifika Olaya wazima, nitakufanyia ikama. Wakifa, nitakukatia tiketi.

Tiketi ya kwenda tu, bila kurudi. Na nyumba hii ndogo waliyoipigania miaka, ya mume na mke kulala chini ya paa moja ugenini, ingekuwa imevunjwa na samaki.

"Nipe hilo dumu," Selipher alisema, akavua viatu. "Unamimina kama unamwagilia vitunguu. Utawapiga usoni."

*

Hawakuwa wameoga hata robo, hao samaki, mlango ukagongwa. Selipher alijipiga paji la uso. Alikuwa amesahau kabisa kuwa Ijumaa hiyo ilikuwa zamu yao kupokea chama.

Chama chenyewe kilikuwa cha watu wa kwao walioko Jeddah, madereva, walinzi, mayaya waliopata ruhusa, kilichoundwa ili mtu asife ugenini kama asiye na watu wake. Mbele aliingia mwenyekiti Onesmus, dereva wa lori la taka mwenye sauti ya mhubiri. Nyuma yake Miriam, katibu, aliyefanya kazi saluni ya wanawake. Nyuma yao wengine, wote wakiwa na kiu.

"Hodi hapa! Leo mmewasha kiyoyozi, Mungu awabariki," alisema Onesmus akijitupa kitini. "Chai iko?"

Sasa, kwa mtu wa Bungoma, kumpokea mgeni bila chai ni sawa na kumfungulia mbwa. Selipher aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Chai haipo, mwenyekiti."

"Haipo namna gani? Majani yamekwisha?"

"Maji. Maji yako kwa samaki."

Hapakuwa na njia ya kupamba jambo lile. Aliwaongoza hadi mlango wa bafuni, wakajipanga kuchungulia mmoja mmoja. Onesmus alitazama kwa muda mrefu sana. Kisha akavua kofia.

"Hawa ndio wagonjwa?"

"Ndio," alijibu Protus kutoka chini. "Hawa wakifa, mimi ni wa kusafirishwa."

Mahali pengine watu wangecheka wakaenda zao. Lakini chama ni chama, na kilikuwa na desturi yake: mwenzenu akiwa na mgonjwa, hamketi. Miriam alitoa ndizi mbili na boksi la juisi alizokuwa ameleta kwa ajili ya mwenye nyumba, akaziweka kwenye ukingo wa hodhi kama inavyotakiwa mtu anapoenda kumwona mgonjwa. Hakuna aliyemuuliza samaki atamenyaje ndizi.

"Tuunde kamati," alitangaza Onesmus.

"Mwenyekiti, barafu inayeyuka," alisema Protus. "Nahitaji barafu tu."

"Barafu itanunuliwa na kamati. Tusiende shaghalabaghala. Kwanza tufungue kwa maombi, kwa sauti ya chini, majirani wasisikie. Halafu katibu atusomee kumbukumbu za kikao kilichopita."

"Onesmus!" Selipher alipaza sauti. "Yule wa pembeni ameanza kulala ubavu na wewe unataka kumbukumbu!"

"Dada, mwaka jana marehemu Solomon alipolazwa mlikimbia bila utaratibu, watu wanne wakapeleka uji na hakuna aliyepeleka shuka. Utaratibu si adui."

Wakaomba. Onesmus aliomba kwa ajili ya viumbe vyote vyenye pumzi, hasa hawa watatu, awafungulie Bwana mashavu yao kama alivyoyafungua macho ya kipofu. Katikati ya amina Selipher alikuwa ameshachomoka, ameshuka ngazi, amenunua barafu yote ya bakala, na kurudi nayo mgongoni ndani ya kanga kama mtoto. Waliposema amina ya mwisho, yeye ndiye aliyekuwa anatetemeka.

Lakini tusiwaonee. Kamati ilipoamka, iliamka. Walishika zamu. Mmoja alipiga pampu ya hewa kwa mguu, ile ya kujazia godoro la plastiki, mwingine akavunja barafu kwa mchi, mwingine akapanda na kushuka na madumu. Miriam alipewa kazi ya kutazama midomo ya wagonjwa na kutoa taarifa. "Yule mwembamba anapumua vizuri. Yule wa katikati anaringa." Yule wa tatu, mnene kuliko wote, alikuwa amekula vipande vyote vya chakula alivyorushiwa na hakusogea kumpisha mwenzake hata kidogo. Selipher alimbatiza jina la Shemeji.

Samaki walioga kwa muda wa sinema nzima ya Kihindi. Mwisho Protus alimwinua Shemeji, akafunua shavu lake kwa kidole, na Selipher akaona mwenyewe: ule utando mweupe ulikuwa umelegea, na chini yake nyama nyekundu, safi, kama ini la ng'ombe wa leo. Alijikuta anatokwa na machozi bafuni kwa sababu ya shavu la samaki. Watu wakapigana mikono mabegani. Onesmus alisema kuwa kamati imevunjwa rasmi, kisha akauliza kama sasa chai yaweza kupikwa kwa maji yaliyobaki.

"Unanuia kunywa maji ya mgonjwa?" Miriam alimuuliza.

Wakaenda nyumbani na kiu yao.

*

Samaki walirudishwa tangini kabla bosi hajauliza mbona kamera bado zinasafishwa. Baada ya siku chache waliogelea kwa nguvu mpya, wakawa wanapigania chakula. Selipher alingoja sifa. Ya Mungu mengi, ya tajiri zaidi.

"Amefurahi," Protus alimwambia jioni, akichezea ugali bila kuula. "Amesema dawa imefanya kazi."

"Dawa gani?"

"Unamkumbuka yule daktari wa kozi?"

Nani asingemkumbuka? Abu Mishaal alikuwa na ndege wa kuwindia, kozi, aliowapenda kuliko jamaa zake, na walikuwa na daktari wao. Wiki ile samaki walipougua alimpandisha ndege daktari huyo kutoka Riyadh. Daktari alimweka samaki kipimo cha kusikilizia moyo kifuani, kama samaki ana kifua, akasikiliza akiwa amefumba macho, akaagiza watiliwe asali na habasoda tangini. Asali ikazama chini, ikavuta nzi.

"Kwa hiyo asali ndiyo imewaponya," alisema Selipher.

"Ndivyo bosi anavyoamini. Daktari ameongezwa zawadi ya saa."

"Na wewe ukasema nini?"

"Ningesema nini, Mama Joy? Kwamba niliwaiba nikawaogesha kwako bafuni? Nilisema alhamdulillahi."

"Na ikama?"

"Inshallah, baada ya Olaya." Protus alisogeza sahani. "Leo asubuhi samaki wametengenezewa karatasi za safari. Cheti cha afya, kibali cha kusafirishwa, mihuri. Mtu alikwenda saa tatu, adhuhuri karatasi zimerudi. Kila samaki na nambari yake."

Selipher aliacha kutafuna. Hasira ilimpanda polepole. Yeye alikuwa karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Karatasi ndizo zilizokuwa mkate wake. Alijua ni nini huchelewa na ni nini huchelewesha. Na alijua kuwa mtu aliyepata muda wa kutafuta cheti cha samaki hakukosa muda. Alikosa tu haja.

"Unasafiri nao?"

"Mimi na Gilbert dereva. Bosi anasema nikae na samaki njia nzima."

"Bila ikama? Jeddah mpaka Riyadh, kwa gari?"

"Amesema hakuna shida. Mafi mushkila."

"Yeye hana. Mimi naomba likizo kazini, naenda na ninyi. Ukikamatwa, angalau nijue ulikokamatiwa."

*

Walikamatwa mbele ya Taif. Yaani Protus alikamatwa.

Walikuwa wamezunguka Makka kwa ile barabara ya nje ya wasio Waislamu, wakapanda milima, wakashuka, lori likinguruma na tangi la samaki nyuma na chupa za oksijeni zimefungwa kando yake. Kila walipopumzika Protus alimfundisha Selipher koki ya oksijeni: fungua kidogo, tazama vipovu, viwe vidogo kama vya soda, samaki wakija juu kuvuta hewa, ongeza. Selipher alijifunza kwa sababu hakuwa na lingine la kufanya ila kuogopa. Ndipo wakafika kwenye kizuizi cha polisi.

Askari alikuwa mpole, na hilo ndilo lililouma. Alichukua ikama ya Gilbert, akaitia kwenye mashine yake, akaitikia. Akachukua ya Selipher, akaitikia. Akachukua ya Protus, akatazama mashine, akamtazama Protus, akatazama mashine tena.

"Hii imekwisha zamani, ndugu yangu."

"Kafili anaifanya."

"Kila kafili anaifanya," alisema askari kwa upole. "Shuka. Na huko nyuma kuna nini?"

"Samaki."

Gilbert alitoa bahasha. Askari alizisoma karatasi za samaki moja baada ya nyingine, na uso wake ukang'aa kama mwalimu aliyekutana na daftari safi. Akapanda nyuma ya lori, akahesabu: mmoja, wawili, watatu. Nambari ziliafikiana. Akashuka akamwita mwenzake naye aje azione.

"Samaki hawa wako sawa kabisa," alitangaza. "Samaki wapite."

"Na mume wangu?" Selipher aliuliza.

"Mumeo abaki. Lakini msikae hapa, mama, jua ni kali, samaki watakufa! Yalla, yalla!"

Protus alisimama kando ya barabara na mkoba wake mdogo, jasho linamtiririka. Walikuwa wameshamchukulia simu. Alijaribu kutabasamu, na tabasamu lile ndilo lililomvunja Selipher moyo.

"Nabaki na wewe," Selipher alisema.

"Ukibaki wanakufa. Wakifa, bosi hatakuja kuniokoa. Nenda nao, Mama Joy. Koki unaijua."

"Nikuache jangwani nikamhudumie Shemeji?"

"Nenda."

Selipher alilia, ndiyo, alilia mbele ya askari bila haya. Halafu akafuta uso kwa ncha ya abaya, na ukarani ukamrudia. Katika miaka yake yote bandarini hakuwahi kuacha mzigo kwa mtu bila kuchukua jina la aliyeupokea.

"Nipe jina lako," alimwambia askari. "Na nambari ya simu ya kituo."

"Ya nini?"

"Nimekuachia mume. Nataka nijue kwa nani."

Askari alishangaa, lakini akampa. Selipher aliandika kwenye kiganja, akapanda lori, akakaa nyuma kando ya tangi.

*

Ukumbi wa Olaya ulikuwa wa marumaru, na baridi yake iliwashinda hata samaki. Wageni walikuwa wamejaa, kanzu nyeupe, manukato ya udi, tende na vikombe vidogo vya kahawa. Wasafishaji walikuwa wamesukumwa nyuma ya nguzo ili wasionekane. Selipher aliingia akinuka samaki, abaya imelowa mpaka magotini, na watu wakampisha kwa namna ya mtu anayepisha gari la taka. Mmoja alimuuliza Gilbert kama mama huyu ni wa jikoni.

Abu Mishaal alikuja mbio, mtu mnene mwenye kicheko kizuri. "Wamefika! Wazima! Wapi Protus?"

"Amekamatwa, bosi," Selipher alijibu. "Hana ikama."

"Ah, maskini. Inshallah tutaliangalia. Haya, watieni, watieni!"

Hivyo tu. Maskini. Selipher na Gilbert waliwatia samaki kwenye tangi la kioo lililowekwa katikati ya ukumbi, kubwa kama kioski, na kando yake chupa ya oksijeni na koki. Wageni walipiga makofi. Simu zikainuliwa kupiga picha. Shemeji alizunguka mara moja kwa maringo, akazunguka tena. Selipher alisimama kando ya koki mikono ameikunja.

Hakuifungua.

Mwanzo hakuna aliyejua. Kisha yule mwembamba akaja juu, akafungua mdomo. Akaja na wa katikati. Makofi yakapungua.

"Wana nini?" bosi aliuliza.

"Pumzi, bosi. Wanataka oksijeni."

"Si uwafungulie!"

"Mimi?" Selipher alifungua macho kama mtoto wa chekechea. "Mimi ni karani wa bandari, bosi. Koki hii ikifunguliwa vibaya huua. Anayeijua ni Protus."

Abu Mishaal alimgeukia Gilbert. Gilbert alikuwa ameona taa nzuri sana kwenye dari na alikuwa anaichunguza.

"Daktari!" bosi aliita. "Daktari yupo hapa!"

Daktari wa kozi alitokea kati ya wageni, saa mpya mkononi. Alisogea mpaka kwenye kioo, akamtazama Shemeji, naye Shemeji akamtazama. Akaisogelea koki, akanyoosha mkono, akaurudisha.

"Kwa kweli," alisema kwa sauti ndogo, "mimi ni wa ndege."

Mgeni mmoja akaguna. Mwingine akaacha kupiga picha, jambo ambalo kwa tajiri ni baya kuliko kupigwa picha. Shemeji alianza kuinama ubavu. Nisamehe, Shemeji, Selipher alisema kimoyomoyo, nisamehe, wewe umekula vyangu na maji yangu umeyaoga, nivumilie kidogo tu. Mkono wake ulitaka kwenda kwenye koki wenyewe, aliubana kwapani.

"Mpigie Protus simu!" bosi alifoka.

"Simu yake wanayo askari. Lakini nambari ya kituo hii hapa." Aliinua kiganja. "Na jina la afisa. Ila hawatampa simu mtu asiye na kibali, bosi. Mtu huyo kwao si mtu. Ikama yake ikisoma vizuri kwenye mashine, watampa simu yake na kumwacha."

"Sasa hivi?"

"Bandarini kwetu mzigo hautoki mpaka mwenyewe amalize upande wake." Sauti ilianza kumtetemeka, akaiacha itetemeke. "Miezi sita, bosi. Ningekuomba kwa magoti, lakini samaki hawana muda huo."

Abu Mishaal alimtazama. Mtu mnene huyo hakuwa mjinga, na kwa kitambo kidogo Selipher aliona kwamba ameelewa kila kitu: koki, mikono iliyokunjwa, kiganja. Akageuka kuwatazama wageni wake. Wote walikuwa wanamtazama yeye. Akatoa simu.

Kisha akaigeuza, akamwonyesha jina la Protus kwenye programu ya serikali. Kijani. Ikama imefanywa. Akaisoma nambari ya kiganjani, akapiga, akazungumza Kiarabu cha haraka cha watu wanaojuana na dunia, na baada ya salamu nyingi sauti ya Protus ikatoka kwenye simu ile, nyembamba, imejaa vumbi.

"Hello? Bosi?"

"Protus! Koki! Inafunguliwa vipi?"

"Pole pole, kushoto. Vipovu viwe vidogo kama vya soda. Mama Joy yuko hapo? Mama Joy anaju—"

"Nimesikia!" Selipher alikatiza kwa sauti kubwa, na mkono wake ulikuwa umeshafika. Vipovu vikapanda. Yule mwembamba akashuka chini. Wa katikati akamfuata. Shemeji alibaki ubavu muda mrefu kuliko ilivyo haki, kisha akajinyoosha, akapiga mkia, akamsukuma mwenzake mbali na vipovu ili avipate yeye. Ukumbi mzima ukashangilia. Mtu akaanza kusambaza tende.

"Atakayewaangalia leo ni nani?" Abu Mishaal aliuliza, akimtazama Selipher kwa macho mapya yasiyo na kicheko.

"Gilbert anajua, bosi. Amekumbuka sasa hivi."

Selipher alichukua mkoba wake. Simu yake iliita kabla hajafika mlangoni. Ilikuwa nambari ya Protus, ile laini iliyo kwa jina la Selipher mwenyewe.

"Samaki wako salama?" Protus aliuliza.

"Mimi pia niko salama, Baba Joy, asante kwa kuuliza."

Alimsikia akicheka, kisha akamsikia akishindwa kucheka. Nyuma yake lori lilipita kwa kishindo. "Wameniachia," alisema. "Wamenipa na maji. Lakini niko hapa tu barabarani, sijui niende upande gani."

"Kaa hapohapo. Natafuta basi."

"Mama Joy. Amefanya kweli? Ilimchukua muda gani?"

Selipher alisimama nje ya mlango wa kioo, joto la Olaya likampiga usoni, na watu waliotoka kazini wakampita kwenda kwenye treni. Alifikiria jino lililotibiwa kwa karafuu. Alifikiria lile jua la nje ya duka la kutuma pesa, na mumewe akisubiri teksi isiyokuja. Alitaka kudanganya, aseme ilikuwa kazi kubwa, wakubwa walipigiana simu, mihuri ilitafutwa. Alimpenda kiasi hicho. Lakini hakuweza.

"Alibonyeza kwa kidole gumba," alimwambia. "Hata kikombe cha kahawa hakukiweka chini."